Cherehani Aliyoirudia Arasa

Sehemu ya Saba

"Weka hiyo sufuria chini! Hilo jina ni la mama yangu!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatiza Jumapili iliyopita, na kama ulikosa gazeti, usijali, twende pamoja. Tuko mjini Kericho, kwenye uwanja wa mnada wa dalali Weldon. Kijana mrefu mwenye koti la mvua ameupasua umati kwa viwiko mpaka mbele. Kidole chake kimeelekea sufuria ambayo Weldon ameipindua juu ya meza, ili wanunuzi wajionee kwamba haijawahi kuguswa na moto.

Chini ya ile sufuria, kwa rangi nyekundu ya kucha, palikuwa pameandikwa ELMINA.

Winny alikuwa amesimama kando ya meza. Yeye ndiye aliyeileta sufuria ile. Yeye ndiye aliyeleta kila kitu kilichokuwa juu ya meza siku ile: masinia, chupa za chai, sahani za maua, blanketi ambazo hazijatolewa kwenye nailoni. Vilikuwa vya marehemu mama yake, Rebeccah, waliyemzika mwezi wa tatu kule Kiptere.

Na hakuna alichowahi kukitumia. Mama yule alipikia sufuria iliyotoboka na kuzibwa, akanywea kikombe kisicho na mkono, huku stoo yake imejaa vyombo mpaka darini. Ukimwuliza, alikuwa na jibu moja tu: "Hivyo vina mwenyewe."

Watoto wake walidhani anamaanisha wageni.

Juzi kaka yake Winny, Kiplangat, alipoamua kuibomoa nyumba ya mama ajenge ya mawe, alimpigia simu. "Peleka hizo takataka zote mnada. Sitaki kuziona hapa." Winny, mwalimu anayekaa chumba kimoja hapo mjini, hakuwa na pa kuziweka. Akatia sahihi kwa Weldon. Basi.

Sasa uwanja mzima unamtazama.

"Kijana, wewe ni nani?" Weldon aliuliza, nyundo ingali mkononi.

"Naitwa Onchiri. Nanunua vyombo kwa minada, nauza soko ya Keroka. Nimekuja hapa kama mtu mwingine yeyote." Aliisogelea meza. "Baba yangu anaitwa Arasa. Tulikuwa tunakaa Kiptere, hapo chini ya kanisa. Mpaka ule mwaka wa uchaguzi, Wakisii tulipofukuzwa."

Kwa Kericho, ukitaja mwaka ule, watu huangalia viatu vyao.

"Mama alikuwa anaandika jina lake chini ya kila chombo," Onchiri akaendelea. "Kwa sababu ya kuazimana kwa harusi. Mimi ndiye nilikuwa namshikia chupa ya rangi. Nilikuwa na miaka kumi na moja." Akamgeukia Winny. "Sasa niambie, dada. Vimefikaje kwenu?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Vilikuwa kwa stoo ya mama. Nilidhani ni vyake."

"Kwa hivyo mama yako alikuwa mwizi."

"Mama yangu hakuwa mwizi!" Winny alipaza sauti, na papo hapo akaisikia jinsi ilivyokuwa nyembamba. Maana jina lilikuwa pale juu ya meza, jekundu, herufi sita, na halikuwa la mama yake.

"Basi achukue," akamwambia Weldon. "Kama ni vya mama yake, achukue vyote. Mimi sitaki kitu."

Dalali akatikisa kichwa. "Mwalimu, kuanzia nambari moja mpaka tisa vimeshauzwa. Watu wamelipa na wamepakia. Siwezi kufuata gari za watu barabarani."

Onchiri akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea. "Wacha, mzee. Mama alishasahau sufuria. Uza."

Akageuka aondoke. Na angeondoka, msomaji wangu. Angerudi zake Keroka, na hadithi hii ingekufa hapo hapo.

Lakini mfanyakazi wa Weldon, ili kuwatuliza wanunuzi, aliamua kuonyesha kitu kizuri zaidi cha siku hiyo. Akavuta gunia lililofunika nambari kumi na nne.

Cherehani. Nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, inang'aa kama imetoka dukani jana.

Onchiri alisimama kama aliyepigwa rungu. Akarudi polepole. Akapiga magoti kwenye tope, akafungua kile kifuniko kidogo cha chini, akachomoa gurudumu la uzi. Uzi ulikuwa wa maruni.

"Sweta," akanong'ona. "Za shule ya Kiptere. Baba alikuwa anatia viraka vya viwiko, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Hata uzi haujabadilishwa."

Winny aliujua uzi ule. Kila mwisho wa mwezi mama yake alikuwa akiingia stoo na kitambaa na kachupa ka mafuta, akiipangusa mashine ile chuma kwa chuma. Hakushona hata kifungo. Nguo zake akipeleka kwa fundi sokoni.

"Hii imetoka wapi?" Sauti ya Onchiri ilikuwa imebadilika.

"Hapo hapo. Stoo ya mama."

"Sikiliza vizuri, dada." Alisimama. Magoti ya suruali yake yalikuwa yamelowa. "Sisi tulikimbilia uwanja wa polisi na blanketi moja. Siku ya tatu baba akasema, bila cherehani hawa watoto wataomba mpaka wafe. Akarudi kuichukua. Asubuhi, akiwa peke yake. Hatujamwona mpaka wa leo. Mwili hakuna, kaburi hakuna, hakuna mtu wa kusema nilimwona pale." Akaigonga mbao ya mashine kwa kidole. "Baba alirudia hii. Kwa hivyo nyumba iliyokaa na hii ndiyo nyumba ya mwisho kumwona."

Winny aliushika ule uzi wa maruni.

Siku zile yeye alikuwa Bomet, kwa shangazi, barabara zimefungwa kwa magogo. Aliporudi nyumbani mwezi wa tatu, nyumba ya Arasa ilikuwa majivu, na stoo ya mama ilikuwa na kufuli mpya. Hakuuliza. Miaka kumi na saba, na hakuuliza!

"Jamani, tunauza ama tunafanya matanga?" mtu alilalamika nyuma. "Mvua inakuja!"

Mwanamke mmoja, fundi wa nguo kutoka Litein, akainua mkono. "Cherehani, elfu nane."

"Hapana!" Winny akaruka mbele. "Naiondoa. Hiyo haiuzwi."

"Mwalimu," Weldon alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko ukali, "ulitia sahihi. Bei ikishaanza, mali ni ya nyundo. Nikikubali wewe, kesho kila mtu ataondoa chake akiona bei haimpendezi. Elfu nane! Nani ataongeza?"

"Tisa," Onchiri alisema.

Hebu fikiria. Mtu akinunua kwa nyundo kitu ambacho baba yake alikifia.

"Kumi."

"Kumi na moja."

"Kumi na tatu," fundi akasema bila kumwangalia.

Onchiri alitoa pesa zake zote mfukoni, akazihesabu mbele za watu. Winny akafungua mkoba wake, akamsukumia alichokuwa nacho. Onchiri alizitazama zile noti za mtoto wa Rebeccah. Hakuzigusa.

"Kumi na tatu mara ya kwanza. Mara ya pili."

"Chukua!" Winny alimsihi. "Tafadhali, chukua!"

"Mara ya tatu."

Nyundo ikaanguka.

Yule fundi alipita karibu na Onchiri akielekea kulipa. Alisimama kidogo. "Pole, kijana. Nimeskia yote. Lakini hata mimi yangu imekufa na nina watoto." Akaenda zake. Wanaume wawili wakaiinua cherehani, wakaipeleka kwenye pikapu.

Hapo ndipo mkono mkavu ulipomshika Winny kwenye kiwiko.

Alikuwa Phyllis, rafiki wa mama yake tangu ujana wao. Walichuma majani chai pamoja, wakaimba kwaya moja. Alikuwa amekuja asubuhi kuviaga vyombo, akakaa kwenye benchi muda wote bila kusema neno, leso mdomoni.

"Lakwet," alisema, yaani mwanangu, "twende kando. Na huyo kijana mwite. Nimechoka na siri hii."

Wakasimama nyuma ya ofisi ya mabati, wao watatu.

"Mama yako hakuiba," Phyllis alianza. "Nyumba ya Elmina ilipovunjwa, kila mtu alibeba kitu. Kila mtu, nisikudanganye. Mimi mwenyewe nilikuwa na sinia. Baada ya wiki moja Rebeccah akaanza kupita nyumba kwa nyumba na gunia. Akibisha anasema, nipe vyombo vya Elmina. Wengine walimtukana. Mmoja alimmwagia maji. Akirudi kesho, anabisha tena. Alikusanya mpaka vijiko. Vilivyovunjika, kuungua au kupotea alinunua vingine vipya, akaandika jina yeye mwenyewe."

Winny alianza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupumua vizuri. Mama yake alikuwa mlinzi! Alimtazama Onchiri, na hata uso wa Onchiri ulikuwa umelegea kidogo.

"Sijamaliza," Phyllis alisema.

Akavuta leso.

"Unajua alianza na nyumba gani? Alianza na yake. Sahani zilikuwa chini ya kitanda cha kaka yako."

"Kiplangat?"

"Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Vijana wote walikuwa huko nje."

"Na cherehani?" Onchiri aliuliza. "Nayo ilikuwa chini ya kitanda?"

Mama mzee aliinamisha kichwa. "Hapana. Cherehani haikutolewa kwa mtu. Baba yako aliibeba mgongoni mwenyewe mpaka mlangoni kwa Rebeccah. Njia ilikuwa imejaa watu, hangeweza kupita nayo. Aliomba afichwe. Rebeccah akamweka stoo siku mbili, anampelekea ugali chini ya kanga."

"Alikuwa hai." Onchiri alishika ukuta wa mabati. "Alikuwa kwenu, hai."

"Alikuwa hai."

"Kisha?"

"Kisha siku ya tatu nikaambiwa ameenda. Nikauliza, ameenda na nani? Rebeccah akafunga mdomo. Tulikuwa marafiki miaka hamsini, na hilo hakuniambia mpaka anaingia kaburini." Akamtazama Winny. "Muulize ndugu yako."

Hapakuwa na haja ya kumtafuta. Kiplangat alikuwa mjini kununua saruji, na dada yake alipopiga simu akadhani ni habari za mnada. Dakika kumi baadaye aliingia uwanjani akitabasamu, kofia kichwani, funguo za gari kidoleni.

"Chamgeiyot!" alisalimu. "Wamemaliza zote? Cherehani imeenda ngapi?"

Kisha akamwona Onchiri.

Msomaji wangu, hakuna aliyemwambia jina. Lakini Winny aliona rangi ikimtoka kaka yake usoni. Funguo zikadondoka topeni, naye hakuinama kuziokota.

"Winny," alisema kwa shida. "Huyu umemtoa wapi?"

"Unamjua?"

"Anafanana..."

"Ninafanana na nani?" Onchiri akasogea. "Sema. Ninafanana na nani?"

Kiplangat aligeuka kama anayetaka kuondoka. Phyllis, na miaka yake sabini na kitu, akajisimamisha mbele yake. Hakumgusa. Alisimama tu. Na lile jitu zima, mzee wa kanisa, mwenye mashamba mawili ya chai, likashindwa kumpita.

"Mama alinituma," alisema hatimaye, macho chini. "Alfajiri. Aliniambia nimpitishe kwa njia ya ndani, katikati ya majani chai, mpaka barabara ya Soin ambapo kulikuwa na lori ya askari. Alimvalisha koti langu. Akanifundisha maneno. Mtu akiuliza, sema huyu ni mjomba wako kutoka Bomet, ni bubu. Baba yako angefungua mdomo, lafudhi ingemtoa."

"Na cherehani?"

"Alituachia. Alisema atatuma mtu."

"Endelea."

"Tulifika kwa daraja. Kulikuwa na vijana. Mimi niliwajua wote, tulisoma pamoja. Walikuwa na mishale. Mmoja akaniuliza, Kiplangat, huyu ni nani?"

Mvua ilianza. Hakuna aliyesogea.

"Maneno yalikuwa hapa." Akagusa koo lake. "Mjomba, kutoka Bomet. Ni maneno matatu tu. Baba yako alinitazama. Hakuwa anaogopa, unajua? Aliniamini. Nikafungua mdomo..." Alifuta uso. "Nikasema simjui. Nikasema nimekutana naye njiani."

Winny alisikia sauti ikitoka kwake mwenyewe, kama ya mnyama.

"Halafu?" Onchiri aliuliza. Alikuwa mtulivu kupita kiasi.

"Wakaniambia niende nyumbani. Nikaenda."

"Hukuangalia nyuma?"

"Hapana."

"Hukusikia kitu?"

"Nilikimbia. Nilikuwa nakimbia, sikusikia."

"Wamemweka wapi?"

"Sijui. Naapa kwa Mungu, sijui. Nilipomwambia mama, hakunipiga, hakunitukana. Alichukua jembe akaenda. Alitafuta mpaka mwezi wa sita, mtoni, kwa vichaka, kila siku akitoka kuchuma. Hakupata hata kiatu. Na tangu siku hiyo hakuniita mwanangu tena. Aliniita kwa jina tu, kama jirani. Mpaka hospitali. Mpaka mwisho."

Winny alimtazama huyu mtu aliyemlipia karo ya chuo. Alitafuta hasira moyoni mwake akaikosa. Alichokikuta ni shimo tu, na chini ya shimo, mama yake akipangusa cherehani kwa mtu ambaye alijua haji.

Alidhani Onchiri atampiga. Angalau angempiga! Ingekuwa nafuu kwa wote. Lakini kijana yule alikwenda kukaa kwenye kiti kimoja cha mnada, kiti cha watu kilichokwisha kuuzwa, akakaa kwenye mvua mikono ikining'inia.

"Mama amekataa matanga miaka hiyo yote," alisema. "Wazee wamekuja, mchungaji amekuja. Anasema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa kama amekufa." Akatoa simu mfukoni. "Leo ataambiwa. Lakini si mimi nitamwambia."

Kiplangat akarudi nyuma hatua moja. "Ndugu yangu, tafadhali."

"Usiniite hivyo. Utamwambia wewe. Ulivyotuambia sisi, hivyo hivyo."

Akapiga. Akaiweka spika. Simu ililia mara nne, mara tano, na Winny akaomba isishikwe. Ikashikwa.

Onchiri aliongea na mama yake kwa Kikisii, maneno machache, haraka. Winny aliambulia mawili tu: Kericho, na Arasa. Kisha akamwekea Kiplangat simu kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

Mvua ikipiga mabati. Kwenye simu mtu alikuwa akipumua.

"Arasa?" Ilikuwa sauti ya mama mzee, nyembamba, kwa Kiswahili kile walichokizoea yeye na mumewe kati ya majirani wa Kiptere. "Arasa, ni wewe?"

Winny alimwona kaka yake akifungua mdomo. Alimwona akijikaza, shingo ikimtoka mishipa, kama mtu anayenyanyua mzigo ambao ameshindwa nao mara moja. Alitaka kusema kweli. Hilo Winny ataliapia mbele ya yeyote. Alitaka kusema, ni mimi niliyemwacha.

"Ni mimi..." alianza.

Hakufika mbali zaidi.

Kigelegele kilipasuka kwenye simu, kikapanda, kikavunjika, kikapanda tena. Kiplangat alipiga kelele, "Hapana, mama, sikiliza, mama!" lakini nani amsikie? Mlango ulifunguliwa kwa kishindo huko Keroka. Miguu ikakimbia. Wanawake wengine wakadakia, wawili, watano, kijiji kizima, na katikati ya vigelegele vile jina moja likirudiwa na kurudiwa.

Kisha sauti ya Elmina ikarudi karibu na simu, ikihema, ikicheka kama ya msichana. Aliuliza kitu kwa Kikisii. Akauliza tena.

Kiplangat aliishusha simu. Alimtazama Onchiri. "Anasema nini?"

Onchiri hakuinua kichwa.

"Amemtuma mtu achinje kuku," alisema. "Anauliza utafika saa ngapi."